Msailiwa wa biolojia apelekwe maabara kabla ya kupewa barua ya ajira

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu namna vyuo vyetu vya umma vinavyopata wahadhiri wa biolojia. Mimi sikuwahi kuwa mhadhiri. Nilikuwa fundi sanifu maabara katika idara ya biolojia ya chuo kikuu kishiriki cha umma, tangu mwaka 1989 hadi nilipostaafu mwaka 2019. Chuo chenyewe sitakitaja. Walinistahi miaka yote thelathini, na ninalolisema najua haliko kwao peke yao.

Kilichonifanya nishike kalamu ni simu ya mjukuu wangu. Yuko mwaka wa pili katika chuo hicho hicho, anasomea ualimu wa sayansi, masomo yake ni biolojia na kemia. Wiki mbili zilizopita alinipigia usiku akaniuliza, "Bibi, hivi ukipasua chura unaanzia wapi?" Nikamweleza. Unamlaza chali, unavuta ngozi ya tumbo kwa koleo ndogo, unakata ngozi kwanza peke yake, halafu ndipo misuli. Na misuli usiikate katikati kabisa, maana kuna mshipa mkubwa wa damu unapita hapo. Sogea kando kidogo, la sivyo damu itajaa na hutaona kitu tena. Nikamsikia anaandika. Nikamuuliza kwani mhadhiri wao amesema nini. Akajibu kwamba wa zoolojia alistaafu mwaka jana, nafasi imetangazwa ila mtu hajapatikana, somo ameshikishwa mwalimu wa botania mwenye kozi nyingine nne, na vitendo vyote wanaonyeshwa kwa picha za projekta. Muhula umebakiza majuma matano.

Huyu kijana miaka miwili ijayo atasimama mbele ya kidato cha tatu awafundishe mwili wa chura ambao yeye mwenyewe hajawahi kuufungua. Usiku ule usingizi ulinipaa. Nikaanza kuwakumbuka mmoja mmoja wahadhiri niliowaona wakiajiriwa, na wengine niliowaona wakikosa.

Watu wengi wanadhani chuo kikihitaji mhadhiri kinamwita tu. Idara inaandika upungufu wake, upungufu unaingizwa kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa, na kwenye bajeti, chuo kinaomba kibali cha ajira ofisi ya Utumishi, kibali kikitoka tangazo linawekwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwenye tovuti yake ya Ajira Portal. Waombaji wanapakia vyeti, wanachujwa, wanafanya usaili wa kuandika, wanaovuka wanaitwa kwenye mahojiano, kisha aliyefaulu anapangiwa kituo na kuripoti na vyeti vyake halisi. Sitaki kuubeza utaratibu huu. Niliajiriwa kabla yake, na nilikuwepo zama ambazo nafasi ilijulikana ni ya mtoto wa nani kabla hata karatasi haijabandikwa ubaoni. Leo mtoto wa mkulima wa Handeni asiyemjua mtu yeyote anaomba kwa simu yake, anaitwa, anapata. Hilo lilindwe kwa nguvu zote.

Ila katika hatua hizo zote nilizozishuhudia idarani kwetu, sikuona hata moja ambapo mwombaji wa kufundisha biolojia aliwekewa kiumbe mbele yake akaambiwa, tuonyeshe.

Nitoe mfano. Mwaka mmoja tuliletewa kijana mwenye alama za juu sana. Alikuwa na adabu, akili nyepesi, na vitabu alivijua. Siku ya kwanza ya vitendo niliandaa kila kitu kama kawaida: hadubini ishirini, viwembe, asidi, rangi, na ncha za mizizi ya kitunguu nilizoziotesha siku tatu juu ya glasi za maji. Zoezi lilikuwa wanafunzi waone seli zinavyogawanyika. Kazi yenyewe ndogo, ila ina mkono wake. Ncha unazikata, unazilaza kwenye asidi dakika chache zilainike, unazitia rangi, kisha unaweka kioo chembamba juu na kuponda taratibu kwa kidole gumba. Ukiponda kwa pupa kioo kinapasuka. Ukiponda kwa woga seli zinabaki zimelaliana, mwanafunzi anachungulia na kuona giza la zambarau tu.

Yule mwalimu alisimama karibu na mlango. Kisha akanisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, naomba leo uanze wewe." Nikaanza mimi. Wiki iliyofuata nikaanza mimi tena, na ikawa hivyo hadi muhula ukaisha, na mwingine baada yake. Siku moja tukiwa wawili alinifungukia. Shuleni kwao hadubini ilikuwa moja, imefungiwa ofisini kwa mkuu wa shule. Alipofika chuo kikuu walikuwa kumi na wawili kwa hadubini moja, na kwa kuwa yeye mwandiko wake ulikuwa mzuri, wenzake walimpa kazi ya kuandika ripoti huku wao wakitazama. Shahada ya uzamili aliifanyia kwenye kompyuta, akichambua takwimu zilizokusanywa na watu wengine. Simlaumu hata chembe. Alipewa mtihani akaufaulu. Waliomtahini ndio hawakumuuliza kile alichokuwa anakuja kukifanya.

Alihama baada ya miaka miwili, akaenda taasisi ya utafiti, na nasikia huko anafanya vizuri sana. Waliobaki na hasara ni wanafunzi wa ile miaka miwili. Ripoti zao za vitendo zilikuwa zinanakiliwa kutoka kwenye madesa ya waliotangulia. Mwanafunzi mmoja aliwahi kukosea nukta akaandika mzizi wa kitunguu una urefu wa sentimita thelathini na mbili badala ya tatu nukta mbili. Mwaka uliofuata nililikuta kosa hilo hilo kwenye ripoti thelathini na moja. Nilizihesabu. Wale leo ni walimu, baadhi yao wamesambaa kwenye sekondari za mkoa huu huu.

Sasa nimtaje aliyekosa. Kulikuwa na dada mmoja aliyetufundishia kama mhadhiri wa muda kwa miaka sita. Alilipwa kwa saa, na malipo yenyewe mara nyingi yalifika muhula ukiwa umeshapita. Huyu alikuwa akiwatoa wanafunzi usiku na tochi hadi kwenye mashamba ya mpunga, wanazima taa, wanasikiliza. Aliwafundisha kutofautisha vyura kwa sauti zao kabla ya kuwaona. Mara mbili alitupandisha Amani, Usambara Mashariki, pale ambapo Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti mwaka 1902, na ambapo msitu wake hadi leo una vinyonga, vyura na mimea isiyopatikana penginepo duniani. Nilikwenda nao kubeba vifaa. Nilimwona akimfundisha kijana mmoja mwoga namna ya kumpokea kinyonga: humkamati, unamwekea kidole mbele yake naye anapanda mwenyewe. Aliwakataza kuandika kwa kalamu ya wino kwenye daftari za fildi, waandike kwa penseli, kwa sababu mvua ya Amani huwa haimngoji mtu na wino ukilowa siku nzima ya kazi imepotea. Alisisitiza tarehe, mahali, mwinuko, saa na hali ya hewa, kila mara, mpaka wakawa wanayataja kama sala.

Nafasi ilipotangazwa, idara nzima tulijua ni yake kwa haki. Tangazo likataka GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza. Yeye alikuwa na 3.6. Uzamili wake ulikuwa juu ya kiwango kilichotakiwa na uzamivu alikuwa nusu njia. Haikusaidia, alikatwa kwenye mchujo wa awali kabla mtu yeyote hajamwona uso. Alikuja maabara, akaketi kwenye stuli ya pembeni karibu na sinki, akaniambia, "Mama, nimetolewa na mtihani wa takwimu nilioufanya nikiwa na miaka ishirini na mbili, nina malaria." Kisha akavaa koti lake akaingia darasani, kwa kuwa ilikuwa saa nne na wanafunzi walikuwa wanamsubiri. Alifundisha hadi mwisho wa muhula. Nafasi ile ilikaa wazi miaka miwili na nusu.

Naijua hoja ya upande wa pili na naiheshimu. Kiwango kikilegezwa, mlango unafunguliwa kwa kila mwenye mjomba. Kwa hiyo siombi 3.8 ifutwe. Naomba mtu aliyekwisha kufundisha chuo cha umma miaka mitano au zaidi, ana uzamivu au anaukaribia, na tathmini zake za wanafunzi zipo kwenye makabati ya idara, aruhusiwe kufika mbele ya jopo hata kama shahada yake ya kwanza imepungua nukta mbili. Afike tu. Akishindwa mbele ya jopo, ashindwe kwa kazi yake ya leo.

Wapo watakaonijibu kwamba mhadhiri wa chuo kikuu ni mtafiti, mambo ya viwembe na trei za kupasulia ni ya mafundi kama mimi. Hawa nawakumbusha chura wa Kihansi. Alipatikana mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa maji unajengwa, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi katika milima ya Udzungwa. Ni kachura kadogo ka rangi ya dhahabu, hakafiki sentimita tatu, na hakatagi mayai kama vyura tuliowazoea. Kanazaa vitoto vilivyokamilika, vidogo kuliko punje ya mchele. Makazi yake yote duniani yalikuwa ni hekta chache zilizolowa kando ya maporomoko hayo. Mmoja wa watu wanne walioandika maelezo yake ya kwanza ya kisayansi ni Profesa Kim Howell, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo kadhaa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo manyunyu yakapungua, ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukaingia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Kilichomwokoa ni wale waliokuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000, wakatunzwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 walianza kurudishwa nyumbani, wakapokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye chumba kilichotengenezwa kwa ajili yao, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi.

Nilipokuwa nikiwasimulia wanafunzi habari hii, nilikuwa nawaambia waangalie mikono iliyopitia humo. Kuna mtu alilazimika kumshika kiumbe kile, akamgeuza, akamlinganisha na jamaa zake na kujua kwa macho yake kwamba huyu hajawahi kuandikwa. Kuna watu walilazimika kufuga wadudu wadogo mno kila siku ili kachura hako kapate cha kumeza, na kuchunga unyevu na joto la chumba usiku na mchana. Utafiti wa biolojia ulipita kwenye vidole vyao kabla haujafika kwenye jarida.

Nakuja kwenye ombi langu kubwa. Wasailiwa wanaovuka hadi mahojiano kwa nafasi moja huwa watatu, wanne. Kila mmoja apewe saa mbili za maabara, ndani ya muhula, na wanafunzi wa kweli kumi na tano. Zoezi asilichague yeye. Vifaa viwe vya chuo hicho hicho, pamoja na ile hadubini yenye lenzi iliyoota ukungu, kwa kuwa ndiyo atakayoikuta akiripoti. Anayeomba botania atolewe nje ya jengo, achumiwe matawi matano kutoka uwanja wa chuo, apewe ufunguo wa kutambulia mimea, yaani ule mwongozo wa maswali ya kuchagua sifa za mmea moja baada ya nyingine, awaongoze wanafunzi hatua kwa hatua hadi wafike kwenye familia ya mmea.

Jopo likae nyuma, linyamaze, litazame. Je, anapita meza hadi meza au amejibanza ubaoni? Anaona kwamba yule binti wa mwisho ameushika wembe vibaya na atajikata? Slaidi ikiharibika anafanya nini? Mwanafunzi akiuliza swali ambalo jibu lake hana, anasema sijui, twende tukatafute, au anatunga? Mambo haya hayaonekani kwenye cheti wala kwenye chumba cha mahojiano chenye kitambaa cha meza na chupa za maji.

Mkuu wetu mmoja wa idara aliwahi kujaribu kitu cha karibu na hiki. Wasailiwa walitoa wasilisho la dakika ishirini, na wajumbe wa jopo wakajifanya wanafunzi. Lilisaidia kiasi. Lakini mada msailiwa alipewa mapema akaifanyia mazoezi, na maswali ya wajumbe yalikuwa maswali ya wakubwa. Hakuna mjumbe aliyeuliza, "Mwalimu, mbona changu hakionekani?" Hilo ndilo swali ambalo mhadhiri wa biolojia ataulizwa mara hamsini kwa siku.

Gharama isiwe kisingizio. Kitunguu, iodini, vyura wachache, siku moja ya kazi. Kumlipa mtu asiyeweza kazi hadi afikie umri wa kustaafu ni gharama kubwa zaidi, na hapo sijahesabu wanafunzi. Tena wakati wenyewe ndio huu. Kupitia mradi wa HEET, ule wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, nchi imechukua mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na vyuo vya umma vinajengewa madarasa na maabara mpya. Nimepita karibu na baadhi ya majengo hayo, ni mazuri, na roho yangu ilifurahi, kwa kuwa nimefanya kazi kwenye maabara iliyokuwa inavuja juu ya kabati la hadubini. Naomba atakayesimama ndani yake achaguliwe kwa uangalifu ule ule uliotumika kuchagua marumaru.

Na fundi wa maabara aulizwe. Miaka thelathini sikuulizwa hata mara moja nimemwonaje mhadhiri huyu au yule, wala kabla ya kuajiriwa wala alipokuwa anathibitishwa kazini. Sheria ya Utumishi wa Umma imeipa Sekretarieti kazi ya kuwashirikisha wataalamu katika usaili. Fundi naye ni mtaalamu. Anamwona mwalimu siku za hadhara na siku ambazo hakuna anayemtazama. Anajua nani huja saa moja kabla kujaribu zoezi, na nani hutuma ujumbe wa simu kwamba leo endeleeni. Kura asipewe kama haiwezekani, lakini maoni yake yaandikwe na yasomwe.

Kuhusu muda nitasema kwa ufupi. Maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vikuu vya umma sasa wanafika hadi miaka 65 kabla ya kulazimika kustaafu, na tarehe ya kuzaliwa ya kila mmoja iko kwenye faili la afisa utumishi tangu siku aliyoripoti. Hakuna anayestaafu kwa ghafla. Kibali kiombwe mapema, mpya na mzee wakae pamoja walau muhula mmoja.

Nasema hivi kwa uchungu, maana nilimwona profesa wetu wa zoolojia akiondoka na mrithi hayupo. Aliacha chupa za vielelezo zaidi ya mia mbili alizozikusanya tangu ujana wake: nyoka, mijusi, popo, vyura, samaki wa mito ya Tanga. Lebo alizoziandika zilikuwa na vifupisho alivyovielewa yeye. Kielelezo kisicho na mahali wala tarehe hakimfai mtafiti. Ni mnyama aliyekufa ndani ya maji. Katika mwezi wake wa mwisho nilimfuata kila mchana baada ya chakula, nikimsomea lebo naye akinifafanulia, nikaandika kwenye daftari la mistari. Tulifika chupa ya mia moja na kumi na nne, siku zikaisha. Mwaka uliofuata alifariki dunia, Mungu amrehemu.

Daftari hilo halikuondoka na mimi. Lina jalada la bluu, na liko maabara ya zoolojia, kabati la pili kushoto ukiingia, rafu ya chini, nyuma ya maboksi ya slaidi za tishu. Ufunguo wa kabati niliuacha kwa karani wa idara, na mjukuu wangu ameniambia bado upo kwenye ndoano yake. Chupa ambazo hazijafafanuliwa nimezitia alama ya nukta nyekundu kwenye kifuniko. Huyo atakayeajiriwa, yeyote awaye, naomba aambiwe.

Fundi Sanifu Maabara Mstaafu,
Korogwe, Tanga